Mwongozo Huu Ni Mali ya Nani? Hakimiliki Ndani ya Mikataba ya Franchaizi

Mwaka 2011 Bikram Choudhury, mwalimu wa yoga aliyejipatia jina na mali huko Beverly Hills, Marekani, aliwashtaki watu wawili waliopitia mafunzo yake ya ualimu kisha wakaenda kufungua studio zao wenyewe. Studio hizo zilifundisha kile kile walichofundishwa: mikao 26 na mazoezi 2 ya kupumua, kwa mfuatano ule ule, kwa dakika 90, ndani ya chumba kilichopashwa joto hadi nyuzi 40 hivi za Selsiasi. Choudhury alidai kwamba mfuatano huo ni kazi yake yenye hakimiliki, kwa kuwa alikuwa ameuchapisha kitabuni tangu mwaka 1979. Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa, moja ya mahakama za rufani za shirikisho huko Marekani, ilitoa uamuzi wake Oktoba 2015. Kitabu kina hakimiliki, ikasema, na mtu hawezi kunakili maneno na picha zake apendavyo. Lakini mikao yenyewe, inapofuatana kama kitabu kinavyoelekeza, ni njia ya kutafuta afya, na njia ya kufanya jambo haimilikiwi kwa hakimiliki hata kama aliyeibuni aliihangaikia miaka mingi.

Walioshtakiwa hawakuwa wamevunja mkataba wa franchaizi, bali walikuwa wanafunzi wa zamani tu. Hata hivyo uamuzi huo unagusa moyo wa biashara ya franchaizi, kwa sababu kinachouzwa katika biashara hiyo ni mfumo, na mfumo ndicho kitu ambacho hakimiliki hukataa kukilinda. Ugomvi mwingi wa hakimiliki kati ya pande mbili za mkataba huu huanzia hapo: upande mmoja unaamini unamiliki zaidi ya unachomiliki, na upande wa pili unaamini umenunua zaidi ya ulichonunua.

Franchaizi ni utaratibu ambao mfanyabiashara mwenye jina lililokwisha kujengeka humruhusu mwingine kuendesha biashara kwa jina hilo na kwa namna ile ile, naye hulipwa ada ya kuingilia pamoja na mrabaha unaokatwa kwenye mauzo. Hapa nitamwita wa kwanza mwenye chapa na wa pili mpewa leseni. Migahawa ya kuku wa kukaanga, hoteli, vituo vya mafunzo, maduka ya nguo za harusi na karakana za kubadilisha oili za magari zote zimewahi kuendeshwa kwa mtindo huu.

Ukiufungua mkataba wa aina hii utakuta ndani yake leseni kadhaa zilizofungwa kitita kimoja, na kila moja ina sheria yake. Jina na nembo ni alama ya biashara, ambayo husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa Tanzania Bara, au KIPI, taasisi ya mali za viwandani, kwa Kenya. Mchanganyiko wa viungo ni siri ya biashara, na hudumu kuwa mali kwa muda ule tu ambao unabaki kuwa siri. Mashine maalumu huenda ikawa na hataza, yaani haki ya pekee juu ya uvumbuzi. Hakimiliki hushika yaliyobaki, nayo si machache: kitabu cha mwongozo wa uendeshaji, video za kufundishia wafanyakazi, picha za vyakula kwenye menyu, mabango, wimbo wa tangazo, ramani za ujenzi wa duka, tovuti, na programu ya kompyuta inayotumika kaunta. Mchoro wa nembo unaweza kukaa pande mbili kwa wakati mmoja, yaani ukawa alama ya biashara na pia kazi ya sanaa yenye hakimiliki. Waandishi wengi wa mikataba huviweka vyote hivi chini ya neno moja, "miliki bunifu", kisha wakaendelea na mengine, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa la kwanza linaloleta mahakamani watu ambao wangeweza kuelewana.

Kwa nini kutenganisha ni muhimu? Kwa sababu mwenye chapa anapolalamika kwamba "ameibiwa mfumo", swali la kwanza la hakimu litakuwa ni kipande gani hasa kilichochukuliwa. Katika karne ya 19 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika shauri la Baker dhidi ya Selden, kwamba mtu aliyeandika kitabu kuhusu mtindo mpya wa kutunza hesabu ana haki juu ya maelezo yake, ilhali mtindo wenyewe ni huru kwa kila karani. Mwaka 1996 mahakama nyingine ya rufani ya huko ilitumia mantiki hiyo hiyo kwa mapishi yanayotumia mtindi: orodha ya viungo na hatua za kupika hazikulindwa. Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba hayo ni ya Wamarekani peke yao. Mkataba wa TRIPS wa kimataifa kuhusu miliki bunifu, ambao Kenya na Tanzania zimefungwa nao kama wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, unasema katika ibara ya 9 kwamba hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, na haifiki kwenye mawazo, taratibu, njia za uendeshaji wala kanuni za hisabati.

Pengo hilo hujazwa na mkataba. Kile ambacho sheria ya hakimiliki haiwezi kumkataza mpewa leseni, yeye mwenyewe anaweza kuahidi kutokifanya, na ahadi hiyo humfunga hata pale ambapo mpita njia asingefungwa. Ndiyo sababu mikataba hii ina vifungu virefu vya kutunza siri, vya kutofanya biashara shindani, vya kutotoa nakala ya mwongozo kwa mtu asiyehusika, na vya kurudisha kila karatasi mkataba unapokwisha. Barani Ulaya uhalali wa vifungu hivyo ulipimwa katika shauri la Pronuptia, lililoamuliwa na Mahakama ya Haki ya Jumuiya za Ulaya Januari 1986. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na haki ya kuuza nguo za harusi za chapa hiyo katika maeneo ya Hamburg, Oldenburg na Hannover alikuwa anadaiwa mrabaha wa asilimia 10 ya mauzo, naye akajitetea kwamba mkataba wote ni batili kwa kuwa unabana ushindani. Mahakama ilijibu kwamba masharti yanayohitajika ili ujuzi wa mwenye chapa usiwafaidishe washindani wake hayavunji sheria ya ushindani, lakini ikatahadharisha kwamba masharti ya kugawana masoko ni jambo jingine. Ukipima kwa mizani hiyo, kifungu cha kulinda mwongozo kina nguvu kubwa, ilhali kifungu kinachotumia mwongozo kama kisingizio cha kufunga soko kina udhaifu.

Sasa tuje kwenye swali ambalo wenye chapa wengi hawapendi kuulizwa: je, hakimiliki hiyo wanayoitoa kwa leseni ni yao kweli? Nembo nyingi zilichorwa na mbunifu wa kujitegemea aliyelipwa mara moja akaondoka. Video ilirekodiwa na kampuni ndogo ya picha. Mwongozo uliandikwa na mshauri. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1988 humpa mwajiri umiliki wa kazi ya mwajiriwa wake, lakini mtu wa nje aliyeagizwa kazi hubaki mmiliki isipokuwa ahamishe haki kwa maandishi. Kampuni ya Griggs, watengenezaji wa viatu vya Dr Martens, iliona uchungu wa kanuni hiyo pale mbunifu wa kujitegemea aliyewachorea nembo alipoihamishia hakimiliki yake kampuni ya Australia miaka mingi baadaye. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliwaokoa Griggs kwa kusema kwamba, kwa mazingira ya kazi ile, makubaliano ya kuhamisha haki yalieleweka hata bila kuandikwa. Waliokolewa, lakini baada ya kesi, na kwa jambo ambalo karatasi moja iliyosainiwa ingelimaliza.

Kenya imechagua njia iliyo tofauti. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinasema kwamba kazi iliyoagizwa, au iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake, huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa pande hizo zimekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo nembo ile ile inaweza kuwa ya mchoraji London na ya aliyeagiza Nairobi, kutegemea sheria inayotawala kazi hiyo. Mpewa leseni mwenye busara hudai katika mkataba tamko la wazi kwamba mwenye chapa ndiye mmiliki au ana ruhusa kamili, pamoja na ahadi kwamba akitokea mtu wa tatu kudai, gharama zitabebwa na mwenye chapa.

Suala la umiliki huwa gumu zaidi linapogeuka upande wa pili, yaani pale mpewa leseni anapotunga kitu. Tuchukue mfano wa kubuni. Mgahawa wa kuku wa kukaanga umefunguliwa Nyali, Mombasa, kwa leseni ya kampuni ya ng'ambo. Mwongozo uliokuja una kurasa 300 za Kiingereza, na sehemu ya jikoni imeandikwa kwa lugha ya mafundi wa mashine. Msimamizi wa zamu ya usiku, ambaye amechoka kuwaona vijana wapya wakiunguza mafuta, anakaa wiki 2 akiandika kurasa 12 za Kiswahili: "Usitumbukize kuku kabla taa nyekundu haijazimika. Kikapu kikitoka, kining'inize uhesabu hadi ishirini, ndipo umwage." Karatasi inafunikwa plastiki na kubandikwa juu ya mashine ya kukaangia. Mwenye mgahawa anafurahi, anazipeleka kurasa hizo kwa wenzake wa Kisumu na Nakuru, na baada ya mwaka kampuni mama inaziomba ili izitumie Tanzania.

Ni za nani? Tafsiri ni kazi iliyotokana na kazi nyingine, hivyo kuifanya kunahitaji ruhusa ya mwenye kazi ya awali. Kama mkataba unakataza "kubadili, kufasiri au kufupisha mwongozo bila idhini ya maandishi", basi msimamizi yule aliyefanya jambo la maana kabisa amemwingiza mwajiri wake kwenye ukiukaji bila kujua. Kama idhini ilikuwapo, kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya maneno yale ya Kiswahili imekwenda kwa mwajiri wake, kwa sababu yaliandikwa kazini. Hapo ndipo kifungu cha maboresho katika mkataba wa franchaizi hushika usukani. Kifungu hicho kwa kawaida husema kwamba kila nyongeza, tafsiri, tangazo au wazo litakalotungwa na mpewa leseni kuhusiana na biashara ni mali ya mwenye chapa tangu linapozaliwa, bila malipo. Wakati mwingine kimelegezwa: mpewa leseni anabaki na umiliki ila anampa mwenye chapa na wapewa leseni wengine wote ruhusa ya kudumu ya kutumia. Toleo la pili naliona la haki zaidi. Mwenye chapa anapata anachohitaji, yaani mtandao wote kufanya kazi kwa namna moja, na mtunzi hapotezi haki ya kazi ambayo mwenye chapa mwenyewe hakuigharamia.

Jambo moja husahaulika hapa. Kifungu cha maboresho humfunga mpewa leseni peke yake, na hakimfungi msimamizi, mpiga picha wa matangazo wala msanii aliyeimba wimbo wa redio wa tawi la Mombasa. Mpewa leseni akiahidi kuhamisha haki ambazo yeye mwenyewe hajazipata, ameahidi kitu kisicho mkononi mwake, na ugomvi utakapotokea atajikuta anadaiwa na pande mbili. Kila mkono ambao kazi imepitia unahitaji karatasi yake.

Tofauti inayofuata ni ya kiufundi, lakini ina uzito wa fedha. Mpewa leseni anapovunja mkataba, je, amekiuka hakimiliki au amevunja ahadi tu? Mahakama za Marekani hutenganisha sharti na ahadi. Sharti ni mpaka wa ruhusa yenyewe: ukitoka nje ya mpaka huo, huna ruhusa, na kila nakala unayotoa ni ukiukaji wa hakimiliki. Ahadi ni wajibu uliokubali kuutimiza ukiwa bado ndani ya ruhusa: ukiuvunja, unadaiwa fidia ya mkataba. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa iliamua shauri kati ya Blizzard, kampuni ya michezo ya kompyuta, na MDY, muuzaji wa programu iliyowachezea wachezaji mchezo huo bila wao kushika kipanya. Kanuni za mchezo zilikataza programu kama hizo, lakini mahakama ilisema katazo hilo ni ahadi, na mchezaji anayelivunja hajakiuka hakimiliki, kwa kuwa hakuna haki yoyote ya hakimiliki, kama vile ya kunakili au kusambaza, iliyoguswa.

Hamishia hoja hiyo kwenye mgahawa. Mpewa leseni amechelewa kulipa mrabaha wa miezi 2, huku bado akitumia menyu, picha na programu ya kaunta. Kama mkataba unasema tu kwamba "atalipa mrabaha kila mwezi", hilo ni deni. Kama unasema kwamba "ruhusa ya kutumia kazi hizi ipo kwa sharti kwamba mrabaha umelipwa", mwenye chapa anaweza kujaribu kudai kwamba kila menyu iliyochapishwa katika miezi ile ni nakala haramu. Uzito wa madai hayo Marekani ni mkubwa: kwa kazi iliyosajiliwa kabla ya ukiukaji, mahakama inaweza kutoa fidia ya kisheria ya dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 kama ukiukaji ulikuwa wa makusudi, bila mdai kuthibitisha hasara aliyopata. Deni la mkataba halina kitu kama hicho. Kwa sababu hiyo wanasheria wa wenye chapa hupenda kuandika neno "sharti" kila mahali, na wanasheria wa wapewa leseni wanaojua kazi yao hulifuta karibu kila mahali, wakiacha yale tu yanayohusu kunakili na kusambaza.

Kabla hata ya kusaini, Marekani ina kinga ambayo Kenya na Tanzania hazina, kwa kuwa nchi hizi mbili hazina sheria mahususi ya franchaizi. Kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inamtaka mwenye chapa amkabidhi mnunuzi waraka wa ufichuzi siku 14 kabla ya kusaini au kulipa chochote. Waraka huo una vipengele 23, na kipengele cha 14 kinahusu hataza, hakimiliki na taarifa za siri: mwenye chapa lazima aeleze hakimiliki gani ni za msingi kwa biashara, kama kuna shauri lolote linalozihusu, kama ana wajibu wa kuzitetea, na nini kitatokea akilazimika kumwamuru mpewa leseni aache kutumia kazi fulani. Afrika Kusini nayo, kupitia Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2008, humpa mpewa leseni siku 10 za kazi za kughairi bila adhabu baada ya kusaini. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayechukua chapa ya Marekani anaweza kabisa kuomba aonyeshwe waraka ambao kampuni ile huwapa wanunuzi wa kwao. Kampuni inaweza kukataa, na kukataa huko nako kutakuwa kumemweleza jambo.

Madai ya watu wa tatu nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa kanuni yake ni nyepesi. Picha ya tangazo iliyotoka makao makuu ikigundulika kuwa imeibwa kwa mpiga picha, mwenye chapa hubeba gharama na hushika uongozi wa kesi. Mpewa leseni hutakiwa kutoa taarifa mara moja na kutokiri wala kupatana peke yake. Picha aliyoiokota mpewa leseni mwenyewe mtandaoni ni mzigo wake. Muziki unaopigwa mgahawani karibu kila mara huachiwa mpewa leseni, naye ndiye atakayetembelewa na wakusanyaji wa mirabaha.

Pande mbili zikigombana zenyewe kwa zenyewe, mkataba huzipandisha ngazi kwa ngazi. Kwanza notisi ya maandishi na muda wa kurekebisha kosa, kisha mazungumzo ya wakuu, pengine upatanishi, na mwisho usuluhishi ambapo msuluhishi hutoa uamuzi unaofunga. Lakini karibu kila mkataba huiwekea hakimiliki na alama za biashara mlango wa pembeni: mwenye chapa anaruhusiwa kwenda mahakamani moja kwa moja kuomba zuio, yaani amri ya kumzuia mtu asiendelee na jambo, bila kusubiri ngazi hizo. Sababu yake inaeleweka, kwani mwongozo ukishasambazwa hakuna msuluhishi awezaye kuurudisha. Ubaya wake ni kwamba mlango huo mara nyingi hufunguka upande mmoja. Malalamiko ya mpewa leseni, kwa mfano kwamba ametozwa ada ya programu isiyofanya kazi, hubaki kwenye ngazi ndefu ya usuluhishi katika mji wa mbali, ilhali malalamiko ya mwenye chapa yanasikilizwa wiki hiyo hiyo. Mwenye kujadili mkataba na aombe mlango uwe wa wote wawili.

Zuio lenyewe halitolewi kwa kuombwa tu. Mahakama za Kenya bado hutumia vipimo vya shauri la Giella dhidi ya Cassman Brown la mwaka 1973: mwombaji aonyeshe kesi yenye mwelekeo wa kushinda, aonyeshe madhara ambayo fedha haziwezi kuyafidia, na mahakama ikiwa na shaka ipime ni upande gani utaumia zaidi. Tanzania ina vipimo vinavyofanana na hivyo tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969. Kifungu cha mkataba kinachosema kwamba "pande zote zinakubali kuwa ukiukaji wowote utaleta madhara yasiyofidika" humsaidia mwombaji, lakini hakimwondolei hakimu kazi ya kupima. Na pale ambapo mkataba una usuluhishi, kifungu cha 7 cha Sheria ya Usuluhishi ya Kenya ya mwaka 1995 kinairuhusu Mahakama Kuu kutoa amri ya muda ili mali isiharibike wakati msuluhishi akisubiriwa.

Mkataba ukivuka mpaka, huchanganyika sheria mbili. Pande zinaweza kuchagua sheria ya jimbo la Delaware, Marekani, itawale mkataba wao, lakini hakimiliki ni haki ya nchi kwa nchi: nakala iliyotolewa Arusha hupimwa kwa sheria ya Tanzania, na kama imetolewa Unguja, kwa sheria ya Zanzibar, ambayo ina mamlaka yake yenyewe ya hakimiliki. Mkataba wa Berne, yaani mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Kenya iliingia mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unahakikisha kwamba kazi ya Mmarekani inalindwa hapa bila kusajiliwa, na ya Mkenya inalindwa huko vivyo hivyo, ingawa Mkenya akitaka ile fidia ya kisheria ya Marekani atalazimika kuwa amesajili mapema. Uamuzi wa msuluhishi husafiri kwa urahisi kuliko hukumu ya mahakama, kwa kuwa Tanzania iliingia Mkataba wa New York, unaozitaka nchi wanachama zitambue maamuzi ya usuluhishi ya nje, tangu mwaka 1964 na Kenya mwaka 1989.

Joto hupanda zaidi mkataba unapovunjwa kabla ya wakati. Mpewa leseni mara nyingi huhisi kwamba mwenye chapa ndiye aliyeanza kukosea, na anaamua kuacha kulipa huku akiendelea kupika chini ya bango lile lile. Katika shauri la Jiffy Lube, mtandao wa karakana za oili, mahakama ya rufani ya Marekani ilisema mwaka 1992 kwamba mwenye kudhulumiwa ana njia mbili tu: ama aachane na mkataba, ama aendelee kuutimiza huku akidai fidia. Kuacha kutimiza na kuendelea kufaidi hakukubaliki. Shauri lile lilihusu alama ya biashara, lakini sioni kwa nini menyu na video zipimwe kwa mizani tofauti.

Upande wa pili nao una kinga yake. Kifungu cha 33 cha sheria ya Kenya kinasema kwamba leseni isiyo ya kipekee inaweza kufutwa wakati wowote, lakini ile iliyotolewa kwa mkataba haifutwi isipokuwa kwa namna ambayo mkataba wenyewe, au mkataba mwingine wa baadaye, umeruhusu. Mwenye chapa aliyekasirika hawezi basi kuzima programu ya kaunta Ijumaa jioni kwa barua pepe, kama mkataba ulimtaka atoe notisi na muda wa kurekebisha. Na hakimiliki ikigeuzwa fimbo ya kuchapa kila kitu, inaweza kumvunjikia mkononi mwenyewe: mwaka 1990, katika shauri la Lasercomb, mahakama ya rufani ya Marekani ilikataa kuitetea hakimiliki ya programu kwa sababu leseni yake ilimkataza mteja kutengeneza programu shindani kwa miaka 99.

Turudi Nyali. Leseni imekwisha, bango limeshushwa, na mwenye mgahawa anataka kuendelea kukaanga kuku kwa jina lake. Mkataba unamtaka arudishe mwongozo, afute picha kwenye kurasa za mitandao, na aondoe mafaili yote, pamoja na yale yaliyomo kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi ambako kurasa 12 za Kiswahili zimekuwa zikizunguka kwa miaka 3. Ile karatasi ya plastiki juu ya mashine lazima itoke, ikiwa kifungu cha maboresho kilihamisha umiliki wake. Je, anaweza kuandika nyingine, kwa maneno yake, inayowaambia vijana wasubiri taa nyekundu izimike na wahesabu hadi ishirini? Kwa hakimiliki anaweza, kwani hatua hizo ni njia ya kupika, na njia haina mwenyewe. Kwa mkataba inategemea kama hesabu ile ya ishirini ilikuwa siri aliyofunuliwa au ni jambo linalojulikana na kila mkaanga chipsi wa Mombasa, na kama katazo la biashara shindani lina muda na eneo la kiasi. Kama mawili hayo yako upande wake, mashine inaweza kuwashwa asubuhi.